Bolti za stenlesi kwenye pikipiki ya pwani

Swali: Shikamoo fundi. Naendesha bodaboda hapa Mikindani. Asubuhi napeleka samaki sokoni Mtwara mjini, baadaye nabeba abiria. Pikipiki ni ya cc 125. Skrubu za kava ya injini zimeliwa vichwa na bolti za nyuma zimekuwa nyekundu kwa kutu. Fundi wangu anasema tung'oe zote za kiwandani tuweke stenlesi pikipiki nzima, mpaka kwenye breki, halafu nisahau habari ya kutu. Mwenzangu wa kijiweni anasema huko ni kupoteza hela, ninunue bolti za kawaida kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nimfuate nani? Na hii oili chafu ninayopaka kila wiki, inasaidia?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Fundi wako amesema kweli nusu, na nusu iliyobaki ni ya hatari. Stenlesi kwenye kava za injini, madigadi, keria na taa, weka, nakuunga mkono. Stenlesi kwenye kalipa (kile kinachobana diski ya breki), diski, ekseli, usukani na sproketi (gia za cheni), kataa hata akikufungia bure. Na mwenzako wa kijiweni, zile bolti zake zimetengenezwa kwa ajili ya mageti na mabenchi. Zisiguse sehemu yoyote inayobeba uzito au inayosimamisha tairi.

Tuanze na kutu yenyewe, maana ukiielewa utajua wapi uweke nguvu. Bolti nyingi za kiwandani ni chuma kilichopakwa zinki, safu ya mikroni chache tu. Zinki ile hujitoa kafara: huliwa yenyewe kwanza ili chuma kisiliwe. Kwa pikipiki ya Dodoma inadumu miaka mingi. Kwetu sisi kusi inavuma miezi kadhaa ikitokea baharini, na chumvi inatua kwenye kila kitu. Chumvi ina tabia ya kunyonya maji hewani. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, inayeyuka na kuwa maji ya chumvi palepale ilipotua. Usiku wa pwani unyevu huo ni wa kawaida kabisa. Kwa hiyo pikipiki iliyoegeshwa barazani inaliwa usiku kucha hata kama hukuitoa siku nzima.

Wewe unaongezea maji ya samaki. Barafu ikiyeyuka kwenye tenga, maji yanachuruzika hadi kwenye shokapu, vikaza cheni na ekseli ya nyuma, ndiyo maana kutu yako imeanzia huko na si mbele. Wenzako wa Tandahimba na Newala wana balaa lao, ile mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho. Vumbi la salfa likikaa juu ya chuma kisha likalowa, linakila chuma vibaya sana, nao wanashangaa mbona kutu inawafuata mpaka juu mlimani mbali na bahari.

Sasa tuje kwenye nguvu ya bolti. Futa kichwa cha bolti inayoshikilia injini kwenye fremu. Mara nyingi utakuta namba 8.8 au 10.9. Namba ya kwanza ukiizidisha kwa 100 unapata nguvu ya kukatika kwa megapaskali (kipimo cha nguvu kwa eneo): 800 kwa 8.8, na 1,000 kwa 10.9. Namba ya pili inakuambia bolti itaanza kunyooka, yaani kuvutika na kurefuka bila kurudi, ikifika sehemu gani ya nguvu hiyo, yaani asilimia 80 kwa ya kwanza na asilimia 90 kwa ya pili. Stenlesi ya kawaida ya dukani imeandikwa A2-70. Ile 70 ni megapaskali 700 za kukatika, lakini inaanza kunyooka ikifika 450 tu. Bolti ya duka la ujenzi isiyo na namba yoyote, ichukulie kuwa 4.8 au chini ya hapo, yaani inanyooka kwenye 320.

Tuziweke kwenye mzani. Bolti ya milimita 8, ile unayoifungua kwa spana 12 au 13, ikiwa ya 8.8 inavumilia mvuto wa karibu tani 2.4 kabla ya kunyooka. Ya stenlesi A2-70 inavumilia tani 1.7. Ile isiyo na namba, tani 1.2 hivi. Kalipa ya breki inashikwa na bolti mbili tu. Ukiwa na abiria wawili nyuma (najua mnafanya hivyo, na sikubaliani nanyi) unateremka kuelekea mjini, mtoto akakatiza barabara, breki nzima inaning'inia kwenye hizo mbili. Hapo ndipo anayekwambia stenlesi inang'aa inabidi ajibu swali la zile tani.

Bolti za diski zina sababu nyingine pia. Vichwa vyake vimefanywa vifupi makusudi ili visigonge kalipa vikizunguka, na za kiwandani huja na gundi ya kukazia thredi. Za ekseli na usukani zina sehemu laini isiyo na thredi, iliyopimwa ikae sawasawa ndani ya tundu lake. Hizi zote zikichoka, nunua spea ya pikipiki hiyohiyo, dukani kwenye spea za pikipiki, kwa jina la modeli na mwaka wake. Ni ghali kidogo, lakini ni bolti chache.

Na usidhani namba kubwa zaidi ndiyo bora zaidi. Kuna bolti nyeusi za alenki (zenye tundu la pembe sita kichwani) zilizoandikwa 12.9, mafundi wanazipenda kwa ugumu. Zile nyeusi hazina zinki, zinapata kutu upesi kuliko zote, na chuma kigumu namna hiyo kikishambuliwa na kutu ya chumvi kinaweza kupasuka ghafla bila kunyooka kwanza. Kwa sababu iyo hiyo, usiloweke bolti ya 10.9 au 12.9 kwenye maji ya betri ili kuitoa kutu. Asidi inaingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu na kukifanya kiwe rahisi kuvunjika. Itatoka safi, inapendeza, nawe utakuwa umeiua. Tumia brashi ya waya.

Sasa stenlesi mahali panapoifaa. Kava ya injini yako ni alumini. Stenlesi, alumini na maji ya chumvi vikikutana vinafanya kazi ya betri: umeme mdogo unapita, na anayeliwa ni alumini, si bolti. Baada ya msimu mmoja au miwili utaona unga mweupe kuzunguka kichwa cha bolti, na siku ya kufungua thredi za kava zinatoka pamoja na bolti. Hii haina maana usiweke. Ina maana usifunge kavu kamwe. Paka grisi kwenye thredi zote na chini ya kichwa, ili maji ya chumvi yasipate njia. Grisi nzuri kuliko zote hapa kwetu wanayo mafundi wa injini za boti, ile isiyooshwa na maji ya bahari. Grisi ya shaba iache kwenye bolti za ekzosi, kwa sababu shaba nayo ni adui wa alumini kwenye chumvi.

Ukipata nafasi ya kuchagua, chukua A4 badala ya A2. A4 ina molibdenamu ndani, nayo ndiyo inayoisaidia kustahimili chumvi. A2 ufukweni inaota madoa ya kahawia. Nenda dukani na kipande cha sumaku. Stenlesi hizi mbili hazivutwi na sumaku, au zinavutwa kidogo sana. Ikinasa kwa nguvu, umeuziwa chuma kilichong'arishwa. Na mahali ambapo bolti ya stenlesi inaingia kwenye nati ya stenlesi, kama kwenye keria, paka grisi na kaza taratibu kwa mkono. Zikikazwa kavu kwa haraka zinaumana thredi na kushikana moja kwa moja, utaishia kuzikata kwa msumeno.

Hizo skrubu zilizoliwa vichwa, kabla hujamlaumu aliyezitengeneza, tazama bisibisi iliyotumika. Skrubu za nyota (za msalaba) za milimita 6 kwenye kava zinataka bisibisi namba 3. Karibu kila fundi ana namba 2 peke yake, inacheza ndani ya kichwa na kukila. Halafu pikipiki za Kijapani, na nyingi za Kichina zilizofuata michoro ya Kijapani, zina nyota ya Kijapani inayotofautiana kidogo na ile ya kawaida. Mara nyingine utaona kinukta kimoja kimechongwa kichwani kama alama. Bisibisi ya kawaida haifiki chini ya nyota hiyo, ukizungusha inapanda juu na kuruka.

Kuzitoa, kwanza weka mafuta ya kulainisha kutu uache yalale nayo usiku mzima. Asubuhi tumia bisibisi ya kugonga, ile inayozunguka kila ukiipiga nyundo. Mapigo yenyewe yanavunja kutu iliyoshika. Kichwa kikiwa kimeisha kabisa, usianze kulichimba shina lote. Toboa kichwa peke yake kwa keekee ya milimita 6 au zaidi kidogo mpaka kidondoke. Toa skrubu nyingine zote, vuta kava, na lile shina litabaki limesimama nje ya injini. Kwa kuwa hakuna tena kinacholivuta, mara nyingi linatoka kwa praizi. Mafundi wengi hawana subira hiyo. Wanakimbilia tindo, na tindo ikiteleza inapasua kava.

Kabla hujatoa hata skrubu moja, chukua kipande cha boksi, chora umbo la kava juu yake, utoboe tundu kwa kila skrubu. Kila unayoitoa ichomeke mahali pake kwenye boksi. Nasisitiza sana hapa, kwa sababu skrubu za kava moja hazilingani urefu, na kuzichanganya kunaharibu injini kuliko kutu. Ndefu ikiingia kwenye tundu fupi inafika chini kabla ya kubana; wewe mkononi unaona imekaza, kava imelegea, oili inavuja. Ukilazimisha, inapasua sakafu ya tundu. Fupi ikiingia kwenye tundu refu inashika thredi tatu nne za juu tu, nazo zinang'oka. Ndani ya alumini, bolti inapaswa kuingia angalau mara moja na nusu ya unene wake: milimita 9 kwa bolti ya milimita 6, na 12 ni bora. Chukua boksi hilohilo uende nalo dukani.

Ukibadilisha nyota kwa alenki, jambo ambalo napendekeza, jua kwamba umejipa nguvu ambayo hukuwa nayo. Kwa bisibisi huwezi kukaza kupita kiasi kirahisi. Kwa alenki ndefu, kiganja kimoja kinatosha kung'oa thredi za alumini. Shika mkono mfupi wa alenki unapokaza. Lile shimo la kichwani nalo lijaze grisi, vinginevyo mchanga na maji yatakaa humo.

Thredi zikiwa tayari zimekufa, usimruhusu mtu afunge nyuzi za waya wala vipande vya mpira kwenye bolti ili ishike. Weka helikoili, ule mzunguko wa waya wa chuma unaotengeneza thredi mpya za ukubwa uleule. Kuchonga tundu liwe la milimita 8 ni njia ya mkato ambayo mara nyingi haina nyama ya kutosha pembeni.

Kuna mtego mmoja wa kununua ambao umewagharimu wengi hapa kusini. Tumezoea kuita bolti kwa spana yake, "nipe bolti ya spana 14". Spana inapima kichwa, haipimi thredi. Bolti ya milimita 10 ya Kijapani ina kichwa cha 14, ile ya viwango vya Kizungu ina 17, na zote mbili ni milimita 10. Kibaya zaidi, umbali wa thredi unatofautiana. Kwenye pikipiki bolti ya milimita 10 kwa kawaida ina hatua ya milimita 1.25 kati ya thredi na thredi. Ile ya duka la ujenzi ni 1.5. Zinaingiliana mizunguko miwili mitatu, kisha inakuwa nzito. Fundi anaongeza spana ndefu na kuua thredi za fremu.

Kuzipima hakuhitaji kifaa. Laza bolti ya zamani na mpya ubavu kwa ubavu, thredi ndani ya thredi, uziinue juani. Zikikaa bila mwanga kupita katikati, ni sawa. Au weka rula: hatua 8 za 1.25 ni milimita 10 kamili, hatua 8 za 1.5 ni milimita 12. Na bolti yoyote mpya inapaswa kuingia kwa vidole mpaka karibu na mwisho. Ikikataa kwa vidole, toa uangalie; usiilazimishe.

Bolti za sproketi weka zenye namba ileile ya kiwandani kichwani, na vile vibati vya kukunja vinavyozizuia kulegea virudishe. Nati za nailoni za ekseli zikishafunguliwa hazishiki tena kama mwanzo, badilisha. Usiziweke karibu na ekzosi, nailoni inalainika kwa joto. Huko nati za shaba ya manjano ndizo zisizoganda.

Kuhusu kiasi cha kukaza, najua spana yenye kipimo ni adimu kijiweni. Lakini wewe unabeba samaki, na mizani ya kuning'inia ipo. Itundike kwenye spana, sentimita 20 kutoka katikati ya bolti, uivute ikiwa imenyooka pembe mraba na spana. Kilo 5 hapo ni karibu nyutonimita 10 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha), ambayo ni kiwango cha kawaida cha bolti ya milimita 6 iliyo kavu kwenye kava. Kwa kuwa umepaka grisi, ishia kilo 4, kwani thredi iliyolainishwa inavutika zaidi kwa nguvu ileile. Kilo 11 ni karibu nyutonimita 22, zinazoelekea bolti nyingi za milimita 8. Za breki na ekseli fuata kitabu cha modeli yako, usikisie. Kava zikaze kwa kupishana, kona hii kisha kona ya mbali, kwa awamu mbili, ili gasketi ilale sawa.

Ukimaliza, chukua rangi ya kucha uchore mstari unaoanzia kwenye kichwa cha bolti mpaka kwenye chuma kilicho pembeni, kwa kila bolti ya breki, injini, ekseli na sproketi. Bolti ikizunguka hata kidogo mstari unakatika na utauona ukiwa umesimama. Siku za mwanzo utazame kila asubuhi kabla ya kuwasha.

Mwisho, oili chafu. Acha. Ina masizi na asidi zinazotokana na moto wa injini, inanasa mchanga, na inavimbisha mipira. Kitakachokusaidia kuliko bolti yoyote utakayonunua ni maji baridi yasiyo na chumvi kila jioni baada ya samaki, hasa chini ya keria na kuzunguka ekseli, kisha kitambaa kikavu. Maji ya kisima chako yakiwa na ladha ya chumvi, tumia ya bomba au ya mvua uliyokinga. Baada ya hapo futa vichwa vya bolti kwa kitambaa chenye oili safi kidogo tu. Tenga liwekee karai chini ili maji ya barafu yasishuke kwenye pikipiki.

Na kama hiyo oili chafu umekuwa ukiipaka kuzunguka ekseli ya nyuma, fungua ngoma ya breki leo utazame ndani kabla hujabeba mtu mwingine. Ngoma inasafishika kwa petroli na kitambaa, mbali na moto. Breki shu zilizokwisha kunywa oili hazisafishiki, nunua nyingine.